Ibragimovo ya Wilaya Gani

Salma na Otieno,

Kabla ya yote, kiti. Kile kiti cha dirishani kinalalia kushoto, na ukikikalia vibaya mwezi mmoja mgongo wako nao utalalia kushoto. Nimekiwekea gazeti lililokunjwa chini ya mguu mmoja. Msiliondoe.

Nimestaafu. Najua mtacheka, maana sijafika miaka thelathini, na mstaafu pekee ninayemjua vizuri ni babu yangu aliyefanya kazi ya reli pale Voi mpaka meno yakamtoka. Lakini ofisini wamenikatia keki, ikama yangu, yaani kibali cha kuishi huku Saudia, inaisha, narudi nyumbani, na sina nia ya kugusa tena begi la mtu nisiyemjua. Hali hiyo mimi naiita kustaafu. Wazee wakistaafu huwaandikia vijana mambo waliyoyaona kazini, basi nami nawaandikia ninyi mnaorithi dawati langu. Ya mshahara na vyeo mtayajua wenyewe. Mimi nataka kuwaambia habari ya vijiji vya Urusi, kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi, na kwa sababu mzigo wa kijiji kimoja kati ya hivyo uko juu ya kabati lenu sasa hivi, kwenye mfuko mweupe. Nitaufikia. Msiuguse kwanza.

Nilianza Riyadh, katika ofisi ya Olaya, ghorofani, ambako nje watu wanaungua na ndani watu wanavaa sweta. Kazi yenyewe mnaijua: mtu amekuja umra au hija, amerudi kwao, begi lake limebaki huku. Sisi tunalitafutia njia ya kumfuata. Nilichukuliwa kwa dawati la Afrika Mashariki, nizungumze na watu wa Mombasa, Unguja na Komoro walioachana na mizigo yao. Siku ya kwanza nilifika mapema mno, kwa sababu nilikuwa nimefikiria kila kitu kinachoweza kunichelewesha, pamoja na mafuriko. Mlinzi alidhani mimi ni wa usafi, akanionyesha chumba cha mafagio. Nikaingia nikakaa. Nilidhani labda ndiko mafunzo yanakoanzia.

Aliyenitoa humo ni Abu Faris, meneja, ambaye mtamzoea. Ni mtu mwema asiyependa swali la pili. Alitazama cheti changu cha chuo.

"Umesoma jiografia?"

"Ndiyo, bosi."

"Basi Urusi ni yako."

"Bosi, mimi sijui Kirusi."

"Sijasema Kirusi. Nimesema jiografia. Yalla."

Hivyo ndivyo nilivyopewa nchi kubwa kuliko zote duniani, kama mtu anayepewa ufunguo wa choo.

Sasa sikilizeni, kwa sababu ugomvi wote wa maisha yangu ya kazi umo hapa. Kompyuta yetu ina nafasi tatu za anwani: nchi, mji, na hayi, yaani mtaa. Ilitengenezwa na watu wa hapa kwa anwani za hapa, na hapa mtaa uko ndani ya mji. Olaya iko ndani ya Riyadh. Ruwais iko ndani ya Jeddah. Begi linapokwenda nje ya nchi, kompyuta inaifuta hayi, kwa hoja kwamba likishafika mjini wenyewe wataulizana.

Mtu wa kijijini Urusi hana mji. Ana kijiji, na kijiji kiko ndani ya wilaya, na wilaya iko ndani ya mkoa au jamhuri. Wakati mwingine hata wilaya haitoshi, mpaka useme ni kijiji cha halmashauri ipi ndogo. Na vijiji vyao, wanangu, vinashiriki majina kama vile majina yalikuwa ya mgao. Kuna Mikhailovka chungu nzima. Kuna Aleksandrovka ambazo sikuthubutu kuzihesabu. Kule Bashkiria, mojawapo ya jamhuri hizo, ambako Waislamu ni wengi na ndiko wanakotoka mahujaji wetu wengi wa Urusi, kuna Ibragimovo hapa na Ibragimovo pale, na kila moja ina watu wanaoamini kwamba Ibragimovo ni yao tu.

Basi karani wetu anapokuta anwani ya hujaji, anaandika Ibragimovo penye mji. Anaona neno la wilaya limebaki mkononi. Analiweka penye hayi, kwa sababu ndiyo nafasi iliyobaki. Kompyuta inalifuta. Begi linaondoka likiwa na jina ambalo nusu ya jamhuri inaweza kuliitikia.

Niligundua jambo hili wiki ya pili nikaenda kwa Abu Faris. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu nyumbani.

"Bosi, hii wilaya si mtaa wa kijiji. Kijiji ndicho kilichomo ndani ya wilaya."

"Kijiji kina mitaa?"

"Hakina. Kina barabara moja."

"Basi hayi ya nini?"

"Si hayi, bosi. Ni kubwa kuliko kijiji."

"Mtaa mkubwa kuliko mji?"

"Si mji."

"Imeandikwa mji." Akaigeuza skrini nisome. "Mama Swali, nenda kanywe chai."

Jina hilo la Mama Swali likanikaa. Na ninyi mtapewa lenu.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba hakuna mtu katika ofisi ile aliyepaswa kushangaa. Mimi nimezaliwa Kaloleni ya Voi. Ukisema Kaloleni, Mkenya anakuuliza ipi, maana iko ya Kilifi, iko ya Nairobi, iko ya Kisumu. Barua yangu ya kuitwa chuoni ilitembea Kaloleni nyingine kwanza, na nilipoipata mama yangu alikuwa ameshaanza kunitafutia kazi dukani. Na wenyeji wa hapa nao wana yao. Muulizeni Njoroge.

Njoroge ndiye dereva wetu, Mkikuyu wa Nyahururu, na gari lile jeupe analifahamu kuliko mkewe. Zamani alitumwa kupeleka kiti cha magurudumu cha bibi mmoja. Aliandikiwa Nuzha tu, bila mji. Alikuwa Jeddah, ambako Nuzha iko karibu na uwanja wa ndege, lakini karatasi ilitoka Riyadh, ambako pia kuna Nuzha, akaamini wanamaanisha yao. Akakata jangwa kutwa nzima, akafika, akakuta Nuzha nzima hakuna bibi. Bibi alikuwa Jeddah, mtaa wa pili kutoka pale alipoanzia.

Aliponisimulia, siku moja alipoleta mizigo Olaya, alikuwa bado ana hasira kana kwamba ndiyo kwanza anazima injini.

"Nikawapigia, nikawaambia bosi, huku hakuna huyo nyanya. Wananiambia, Njoroge, rudi. Rudi, hivyo tu, kama nimeenda dukani."

"Na ulisema nini?"

"Ningesema nini na ni wao wana ikama yangu? Nikarudi. Lakini tangu siku hiyo, dada, mtu akiniambia Nuzha, namuuliza Nuzha ya nani. Wanasema nina dharau. Sawa, wacha nikuwe na dharau."

Huyo ndiye mtu wa kwanza kazini aliyenielewa. Nilimweleza habari ya wilaya za Urusi, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hivyo ni Nuzha, lakini na theluji." Sijapata kuielezea vizuri zaidi ya hapo.

Baada ya miaka miwili nikahamishiwa Jeddah, hii ofisi yetu ya Ruwais yenye chumvi kwenye kila bawaba. Dawati langu la Olaya alipewa kijana mmoja mwepesi wa mikono, ambaye Abu Faris alimpenda kwa sababu hakuwahi kuuliza kitu. Mimi nikakutana na Amm Bashir.

Mmemkuta amezeeka kidogo, lakini ndiye yule yule. Ni Msudani, mhandisi wa pampu za maji, alisomea Urusi enzi hizo vijana wa kwao walipopelekwa huko kwa makundi, akarudi na Kirusi safi na chuki ya viazi. Kazi yake hapa ni kuzungumza na Warusi kwenye simu. Mimi na yeye tunaongea Kiarabu changu kibovu na Kiingereza chake cha kizee, na mnayoyasoma hapa nimeyaweka kwa Kiswahili. Alinifundisha mambo mengi kwa kunung'unika. Alinifundisha kwamba ukimpigia mtu wa kijijini Urusi usianze na begi. Anza na hali ya hewa. Ukianza na begi anadhani wewe ni tapeli. Alinifundisha kwamba swali la kwanza baada ya hali ya hewa ni wilaya, la pili ni wilaya, na jina la mtu linakuja mwisho, kwa sababu majina ya watu nayo yanafanana.

Alinifundisha pia kutazama mishikio. Akinamama wa kijiji kimoja wakija umra huchana kitambaa kimoja, kila mmoja akafunga kipande kwenye mshikio wa begi lake, wapate kuyatambua pale mabegi yanapozunguka kwenye mkanda. Nilimwambia hata dada zetu wanaofanya kazi majumbani hapa hufanya hivyo wakirudi Nairobi na Mombasa, wanachana leso. Amm Bashir akasema basi walimwengu wote wana akili isipokuwa kompyuta.

Sasa nafika kwenye kesi yenyewe.

Asubuhi moja simu ikalia, mwanamke wa Urusi. Amm Bashir akaiweka kwenye spika, akaanza na hali ya hewa. Yule mwanamke akamkatiza. Jina lake Rashida Hasanova, mpishi wa shule, ametoka umra mwanzoni mwa majira haya ya baridi, begi lake la kahawia lilibaki Jeddah, akaambiwa litamfuata, halijafika.

"Una nini ndani?" Amm Bashir akauliza.

"Nguo, tende, tasbihi. Hivyo sivyo ninavyovitaka. Ndani kuna sanda ya mama."

Amm Bashir akakaa sawa.

Rashida alieleza polepole, kwa sauti ya mtu aliyeshaeleza mara nyingi kwa watu wasiosikiliza. Mama yake ni mgonjwa wa siku nyingi na hakuweza kusafiri. Alimwagiza kitu kimoja tu: kitambaa cha sanda kutoka Makka, kilichoroweshwa kwenye maji ya Zamzam. Rashida akakinunua, akakirowesha, akakianika hotelini, akakikunja. Sasa mama hali tena vizuri, na kila asubuhi anauliza imefika wapi. "Haogopi kufa," Rashida alisema. "Anaogopa kufa kabla haijafika. Kila siku namdanganya kwamba iko njiani. Naombeni iwe njiani kweli."

Nilifungua kompyuta. Begi la kahawia, kitambaa cha kijani chenye maua meupe kwenye mshikio. Lilipitia Riyadh, mikononi mwa yule kijana asiyeuliza kitu. Limetumwa Ibragimovo. Na mbele yake, kwa herufi za kijani zilizojaa amani: LIMEPOKELEWA.

"Muulize ni Ibragimovo ya wilaya gani," nikamwambia Amm Bashir, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Kuyurgaza," sauti ikasema. "Niliandika kila mahali. Kuyurgaza, kusini."

Kwenye kompyuta hapakuwa na Kuyurgaza wala kusini. Nikampigia Abu Faris.

"Limepokelewa," akasema. "Kuna sahihi. Hasanova. Yeye si Hasanova?"

"Ni Hasanova, bosi, lakini si Hasanova aliyesaini."

"Basi amesahau. Watu wakitoka safari wanasahau."

"Bosi, lilikwenda kijiji kingine chenye jina lile lile. Wilaya ilifutwa."

"Wilaya tena." Nilimsikia akivuta pumzi. "Mama Swali, begi limetoka, limefika, limesainiwa. Kazi yetu halas."

Kwa kawaida mimi nikikatiwa simu hukaa nikifikiri kama nimemkosea mtu adabu. Siku ile sikufikiri. Nilikuwa namfikiria mama wa watu anayeuliza kila asubuhi. Nikamwambia Amm Bashir tutapiga simu wilaya moja moja, kila yenye Ibragimovo, mpaka tulipate begi. Akanitazama juu ya miwani.

"Binti, unajua ziko ngapi?"

"Hapana. Na ninyi mnaojua Kirusi hamjui?"

"Hakuna anayejua. Huenda hata wao wenyewe hawajui. Leta chai."

Tukaanza na kampuni ya huko iliyopeleka begi. Walisema dereva wao aliandikiwa Ibragimovo bila wilaya, akalipeleka kwenye ile anayoijua. Ipi? Dereva yuko likizo, kaenda kuvua samaki kwenye barafu, hashiki simu. Nilimwomba Amm Bashir arudie sentensi hiyo kwa sababu nilidhani ananitania.

Wilaya ya kwanza, mtu wa shule alisema Ibragimovo wanayo, ila begi hawana, lakini kama tuna mabegi ya ziada watafurahi. Nyingine wakasema Ibragimovo ilikuwepo zamani, watu wamehama, amebaki mzee mmoja na nyuki. Amm Bashir aliongea naye mzee huyo kirefu, habari ya nyuki, mpaka nikamgongea meza. Mahali pengine walituuliza sisi Ibragimovo ipi, maana wao wenyewe wilayani wana mbili. Nilitoka nje nikasimama kwenye upepo wa bahari mpaka hasira iliposhuka, nikarudi.

Ndipo tukampata mwenye duka wa Ibragimovo ya wilaya ya Chishmi, ambayo iko mbali kaskazini ya kwa Rashida, safari ya kutwa barabara zikiwa na theluji. Amm Bashir alipofika kwenye begi, yule mama wa dukani akashusha sauti.

"La kahawia? La Makka? Liko kwa nyanya Sania Hasanova. Lakini msimpigie kwa ghafla, tafadhali. Anakufa."

"Mgonjwa sana?"

"Haumwi popote. Ameitwa."

Amm Bashir akamwomba aeleze.

Mambo yalikuwa hivi. Dereva aliingia kijijini akaulizia Hasanova, akaonyeshwa nyumba ya Sania, mjane anayeishi peke yake. Sania akasaini kwa sababu ndilo jina lake. Akafungua. Akakuta tende, tasbihi, na sanda nyeupe iliyokunjwa vizuri, kutoka Makka, kwa jina lake, bila neno la mtu yeyote. Angeelewa nini? Aliwaita majirani akawaonyesha. Aliosha nyumba. Aligawa kuku wake. Akajilaza kitandani akisubiri, na kwa kuwa alikuwa na afya njema, alikuwa amesubiri kwa muda sasa na ameanza kuchoka.

"Sasa nani atamwambia kwamba si yake?" mama wa dukani akauliza. "Mimi siendi. Mimi nimepewa kuku wawili."

Nilifikiri sana. Nilimwambia Amm Bashir labda tuanze na pole, au tuanze na hongera, na je, ukimwambia mtu kwamba hakuitwa, si ni kama kumwambia amekataliwa? Amm Bashir akasema mimi nikiachiwa, wote wawili watakufa nikiwa bado napanga sentensi. Akapiga. Akaanza na hali ya hewa.

Sania alisikiliza yote bila kukatiza. Habari ya Rashida, ya mama anayengoja, ya Ibragimovo ya Kuyurgaza.

"Kwa hiyo siyo yangu," akasema.

"Siyo yako, mama. Tusamehe."

"Na mimi siitwi."

"Si kwa njia hii. Si na sisi."

"Kuku nimeshawagawa," akasema.

Amm Bashir akaziba simu kwa kiganja, akaweka kipaji cha uso mezani. Alipoinua kichwa macho yalikuwa na machozi, na sijui yalikuwa ya aina gani.

Nikampigia Abu Faris nimwambie begi limepatikana, kijiji kile na kijiji hiki viko jamhuri moja, tumwombe mtu alipitishe. Akasema hapana. Utaratibu ni kwamba begi lililokosewa linarudi lilikotoka, yaani Jeddah, linaandikwa upya, ndipo linatumwa.

"Bosi, litoke Urusi, lije Jeddah, lirudi Urusi?"

"Ndiyo utaratibu."

"Na likirudi litaandikwa Ibragimovo."

"Kwani linakwenda wapi?"

Salma, Otieno, kuna siku kazini utatamani ungekuwa mtu wa kupiga kelele. Mimi siyo. Nilisema, "Sawa, bosi," nikaweka simu chini. Lakini Sania mwenyewe alikuwa ameshaamua. Alipiga yeye. Alisema begi hampi dereva wala kampuni wala mtu yeyote.

"Yule kijana alisimama barabarani akauliza Hasanova, akapewa Hasanova. Huko kusini akiuliza atapewa mwingine tena. Itazunguka mpaka tuishe wote. Nitaipeleka mimi."

"Mama, barabara ina theluji."

"Mwanangu, jana nilikuwa nakufa. Theluji ya nini?"

Akamchukua mtoto wa dada yake mwenye gari, wakaondoka na begi. Sisi tukabaki hapa Ruwais tukisubiri, na simu yake ikawa haipatikani. Kusubiri ndiyo kazi ninayoijua zaidi. Niliwaza gari limeteleza. Niliwaza wamefika Ibragimovo nyingine ya kusini. Niliwaza mama wa Rashida amefariki asubuhi ile ile na begi liko mlangoni. Njoroge alikuja kuchukua mizigo, akaniona, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamweleza. Akazima injini, akaingia ndani, akakaa nasi, mtu ambaye huwa hakai.

Rashida ndiye aliyepiga. Alikuwa analia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuelewa hata neno moja lakini nilielewa. Amm Bashir akatutafsiria taratibu. Sania amefika. Mama yuko hai. Amewekewa sanda mikononi, ameinusa, ameipapasa ukingo hadi ukingo kama fundi anayekagua kazi, akasema sasa nileteeni chai. Na Sania amekaa kando ya kitanda, na hao wawili wamebishana jioni nzima Ibragimovo ipi ni ya zamani zaidi.

"Nani ameshinda?" Njoroge akauliza.

Amm Bashir akauliza. "Anasema bado," akajibu. "Sania atalala kwa kina Rashida ili waendelee."

Mama yake Rashida alifariki baada ya siku chache, akazikwa nayo. Sania alikuwepo. Rashida alipotupigia kutueleza, hakuwa na malalamiko. Alikuwa na ombi. Alisema mama yake, wakati wa kuagana, alimuuliza Sania, "Na yako wewe iko wapi?" Sania akajibu kwamba yeye aliyokuwa nayo ndiyo hii aliyoileta. Mama hakusema kitu, lakini baadaye alimwita Rashida akamwambia Sania apate yake, kutoka huko huko, iliyoroweshwa vile vile, na isiende kwa jina la kijiji tu.

Basi nimefanya. Nilipokwenda umra yangu ya kuaga nilinunua kitambaa, nikaja nikakirowesha kwa maji ya Zamzam kwenye beseni jipya, nikakianika darini hapa Ruwais, na mke wa Amm Bashir akanisaidia kukikunja. Nilikikunja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akaninyang'anya.

Huo ndio mfuko mweupe juu ya kabati. Siuingizi kwenye kompyuta. Nilimwomba Abu Faris kwa mara ya mwisho aongeze nafasi ya wilaya, akasema mfumo ni wa makao makuu, na makao makuu yakasema mfumo ni wa kampuni iliyouuza, na hapo nikaacha. Lakini siku ya keki, alipokuja huku Jeddah kuniaga, alinishangaza. Alimwita Njoroge kumtuma na kiti cha magurudumu, akasema, "Peleka Nuzha." Njoroge hakusogea. Abu Faris akamtazama, akanitazama mimi, akatazama keki. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeng'olewa jino, "Nuzha ya Jeddah." Mimi naihesabu hiyo kuwa pensheni yangu.

Sasa kazi yenu. Wiki ijayo vinatua hapa vikundi viwili vya Bashkiria, na katika vyote viwili, nimeuliza, kuna watu wa Ibragimovo. Watapita ofisini kuulizia mabegi, kama kawaida. Mfuko huo mtampa mtu wa Ibragimovo ya Chishmi mkononi, ampelekee Sania. Akinamama wenye kitambaa cha kijani chenye maua meupe kwenye mishikio ni wa Kuyurgaza, majirani wa Rashida. Wasalimieni, wapeni chai, msiwape mfuko. Wa Chishmi sijui safari hii wamechana kitambaa gani, kwa hiyo itabidi muulize, na Amm Bashir atawasaidia. Kwanza hali ya hewa, kisha wilaya, kisha wilaya tena, na jina la Sania mwisho kabisa.

Atakuja mtu mwenye haraka, amejaa furaha ya safari, atanyoosha mkono aseme yeye ametoka Ibragimovo. Msimpe. Wote wametoka Ibragimovo.